Sura ya Kale, Mpira Mpya: Jinsi ya Kulichagulia Gari la Zamani Matairi Yake

Gari la zamani linaweza kurudishiwa rangi yake ya awali, nikeli ikang'arishwa na viti vikashonwa upya, kisha likapoteza heshima yote kwa sababu ya matairi. Ford ya miaka ya 1920 iliyofungwa matairi mapana ya leo ni bwana harusi aliyevaa kanzu na joho, halafu akatia ndala. Na kasoro haiishii machoni. Usukani unakuwa mzito, kipima mwendo kinasema uongo, na tairi linakwaruza madigadi kila ukikata kona.

Makala haya ni ya wenye magari ya kale na mafundi wanaoyahudumia, awe mwenye gari ana Land Rover ya urithi kule Moshi, Kobe ya Volkswagen mjini Mombasa, au Peugeot 404 anayoiandaa kwa maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: tairi la mtindo wa zamani linanunuliwa kwa umbo lake, kamwe si kwa umri wake. Wembamba, kimo cha ubavu, mchongo wa kashata na hata maandishi viwe vya enzi ya gari. Mpira, nyuzi na tarehe viwe vya leo. Muuzaji yeyote anayekuletea kinyume chake, yaani mpira wa zamani kwa bei ya vitu vya kale, mpe mkono umuage.

Yanavyotengenezwa

Ni vizuri kuanza na kiwanda, kwa sababu ukijua tairi hili linazaliwaje utaelewa kwa nini ni ghali, kwa nini huadimika, na maswali gani umuulize anayekuuzia.

Kazi huanzia kwenye makaratasi. Mtengenezaji hutafuta michoro ya kiwanda cha awali, picha za matangazo, na akibahatika, tairi lenyewe lililosalia kwenye gurudumu la akiba bila kugusa barabara. Hupima upana wa kashata, kina cha mifereji, mpindo wa ubavu na ukubwa wa herufi. Jina likiwa bado mali ya kampuni iliyo hai, huomba leseni. Ndivyo Coker Tire, iliyoanzishwa mwaka 1958 huko Chattanooga, Tennessee, inavyouza matairi mapya yenye majina ya Firestone na BFGoodrich katika michoro ambayo wenye majina hayo waliacha kuitengeneza zamani. Kampuni nyingine zimeamua kufanya kazi hiyo zenyewe: Pirelli ya Italia ina orodha iitwayo Collezione kwa magari ya kati ya 1950 na 1980, na Michelin ya Ufaransa ina safu yake ya matairi ya magari ya kale.

Baada ya vipimo huchongwa kalibu ya chuma. Kila saizi ina kalibu yake, na kila alama huchongwa kinyumenyume ili itokee sawa juu ya mpira. Chukua mchoro maarufu wa Firestone wa mwaka 1908: maneno NON SKID yamepangwa kwa mshazari kuzunguka tairi zima, na herufi zenyewe ndizo kashata. Fundi wa kalibu akikosea pembe ya herufi moja, tairi zima linaonekana la kuigiza. Hapa ndipo fedha nyingi zinapokwenda, na kalibu hiyo inatakiwa kujilipa kwa mauzo ya matairi machache sana ukilinganisha na yale ya magari ya kila siku.

Kisha tairi hujengwa, kwa sehemu kubwa kwa mikono. Mjenzi husimama mbele ya ngoma inayozunguka. Hulaza kitambaa cha nyuzi kilichopakwa mpira, nyuzi zikielekea mshazari. Tabaka linalofuata huelekea upande wa pili, zikapishana. Huweka pete mbili za waya wa chuma pembeni, hukunja kitambaa juu yake, na hapo ndipo unapatikana mdomo wa tairi, ule ukingo mgumu unaokaa kwenye rimu. Mwisho huongeza mpira wa ubavu na wa kashata. Linapotoka kwenye ngoma tairi hilo ni laini, linanata, lina umbo la pipa na halina mchongo hata mmoja. Huingizwa katika kalibu, puto la mpira mgumu hujazwa mvuke ndani yake na kulisukuma dhidi ya chuma, na joto la nyuzi 150 au zaidi huufanya mpira na salfa kushikana moja kwa moja. Siri hiyo ya salfa na moto aliifumbua Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1839, akapata hataza mwaka 1844, na hadi leo hakuna aliyeikimbia.

Vile vinywele vya mpira unavyoviona kwenye tairi jipya ni alama za vitundu vya kalibu vinavyotoa hewa wakati wa kupikwa. Havina madhara, na mtu asikushauri uvikate kwa wembe.

Ndani, mambo yamebadilika sana, na hilo ni jema. Matairi ya mwanzo yalijengwa kwa turubai ya pamba. Nyuzi za kusimama na za kulala zilisagana kila gurudumu lilipozunguka, joto likapanda, tairi likapasuka. Baadaye zikaja nyuzi zilizolazwa sambamba bila kufumwa, kisha reyoni, nailoni na poliesta. Tairi zuri la mtindo wa 1925 linalotoka kiwandani leo lina nailoni au poliesta tumboni. Hata rangi imebadilika: mpira wa awali ulikuwa mweupe au wa kijivu kwa sababu ya oksidi ya zinki, na weusi tunaouona ni masizi yaliyoanza kuchanganywa katika miaka ya 1910, yakaongeza uhai wa kashata mara nyingi. Mwenye gari la kabla ya hapo anaweza kununua matairi meupe matupu, mradi akubali kwamba yatalika upesi.

Soma namba kabla ya kusoma bei

Anza na kitabu cha gari au bamba la kiwanda, usianze na tairi ulilolikuta limefungwa. Gari la miaka sitini limepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja alifunga alichokipata.

Lugha ya namba imebadilika mara kadhaa. Matairi ya kwanza kabisa yaliandikwa kwa kimo kizima na unene. Ford T nyingi za Marekani za hadi 1925 zilitumia 30x3 mbele na 30x3½ nyuma, zote kwa inchi. Ondoa unene mara mbili kutoka kwenye kimo, upate rimu: mbele inchi 24, nyuma inchi 23. Kwa hiyo ukiona matairi yote manne yana kimo kimoja usidhani yanabadilishana nafasi. La mbele haliingii nyuma. Wazungu wa bara la Ulaya walitumia hesabu ileile kwa milimita, kwa mfano 815x105, rimu ikiwa milimita 605.

Baadaye ikaja namba ya unene na rimu: 4.50-21 kwa Ford A ya 1928 na 1929, 4.75-19 kwa ile ya 1930 na 1931, 5.60-15 kwa Kobe, 5.20-14 kwa Morris Minor 1000, 6.00-16 kwa Land Rover fupi na 7.50-16 kwa ile ndefu ya inchi 109. Halafu rediali za milimita, kama 165R15.

Hapa pana mitego minne, na kila mmoja umewahi kumtia mtu hasara.

Mtego wa kwanza ni asilimia iliyofichwa. Tairi lililoandikwa 165R15 bila namba nyingine lina ubavu wa takriban asilimia 80 ya upana wake. Ukilibadilisha kwa 165/65R15 kwa kuwa "yote ni 165", gari litashuka na kimo cha gurudumu kitapungua kwa sentimita tano hivi. Kipima mwendo kikionyesha 100, wewe uko kwenye 92, na injini inazunguka zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Matairi ya mshazari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ni marefu zaidi ya hapo, ubavu ukikaribia kulingana na upana.

Mtego wa pili ni rimu za milimita za Kifaransa. Peugeot 404, lile gari lililoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966, lilitumia rimu ya 380. Hiyo ni sawa na inchi 15, kwa hiyo tairi la 15 linakaa. Lakini rimu ya 400, ya Citroën Traction Avant na 2CV za mwanzo, ni inchi 15.75. Tairi la 15 haliingii. La 16 linaingia lakini halishiki. Fundi akikuambia atalibana kwa tyubu kubwa, chukua funguo zako uondoke.

Mtego wa tatu ni mdogo wa huo. Baadhi ya Peugeot 505 zilitoka kiwandani na magurudumu ya Michelin TRX ya milimita 390, yenye ukingo wa umbo tofauti kabisa. Hakuna tairi la kawaida linalokaa humo salama. Ama ununue TRX mpya, ambazo Michelin bado inazitengeneza katika safu yake ya kale, ama utafute rimu za inchi 14 za 505 nyingine.

Mtego wa nne uko kwenye maduka yetu ya zana za kilimo. Saizi 6.00-16 na 7.50-16 zinauzwa sana kwa magurudumu ya mbele ya trekta, kwa bei ya kuvutia na kashata zinazofanana kidogo na za Land Rover ya zamani. Tazama ubavuni: ukiona A6, tairi limeruhusiwa kwenda kilomita 30 kwa saa, A8 ni 40. Lifunge kwenye trekta. Tairi la barabara litakuwa na herufi kama P kwa 150, S kwa 180, H kwa 210 au V kwa 240.

Mshazari au rediali?

Hili ndilo swali linalogawa watu kwenye kila mkusanyiko wa magari ya kale. Tairi la mshazari, ambalo mafundi wengi wa kwetu huliita la nailoni, lina nyuzi zinazopishana kutoka mdomo hadi mdomo. Rediali, lile la waya kama linavyojulikana mitaani, lina nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na juu yake mkanda unaoushika uso wa kashata. Michelin iliisajili hataza yake mwaka 1946 na kuanza kuuza mwaka 1949. Si kila rediali ina waya: Pirelli Cinturato ya miaka ya 1950 ilitumia mkanda wa nyuzi.

Kanuni yangu ni rahisi. Gari lililozaliwa na mshazari lirudishiwe mshazari, isipokuwa uwe na sababu nzito. Chemchemi, vinyonya mtikiso na usukani vilipangwa kwa tairi linaloteleza polepole na kumpa dereva onyo mapema. Rediali hushika zaidi, halafu huachia kwa ghafla. Pia hupeleka nguvu nyingi za pembeni kwenye rimu ambayo haikutengenezwa kwa hilo. Rimu za zamani zilizounganishwa kwa ribiti zimeonekana zikipata nyufa, na dalili ya mwanzo mara nyingi ni kifuniko cha gurudumu kinachoruka chenyewe kwenye kona.

Sababu nzito zipo. Kama gari lako unaliendesha kila wiki kwenye barabara kuu yenye mabasi na malori, na rimu zimepimwa zikaonekana nzima, rediali nyembamba ya saizi inayolingana itakupa breki bora kwenye mvua na itaacha kufuata kila mfereji wa lami. Siku hizi hata zipo rediali zilizofinyangwa kwa sura ya mshazari, ubavu wima na uso wa kashata ulio bapa, hivi kwamba ni maandishi tu yanayoitoboa siri. Kobe, Minor na 404 hufurahia rediali bila malalamiko.

Lakini usichanganye ovyo. Ikibidi gari liwe na aina mbili kwa muda, mshazari ukae mbele na rediali nyuma, kila ekseli ikiwa na jozi ya aina moja. Ukigeuza, nyuma itatangulia kuteleza na gari litazunguka. Uingereza imelipiga marufuku hilo kisheria, na hata pasipo sheria, akili inatosha.

Tarehe haina huruma

Kila ghala la zamani lina hazina yake. Utaambiwa kuna seti ya General ya Arusha au Firestone ya Nairobi, haijawahi kufungwa, karatasi bado iko juu yake. Viwanda hivyo viliacha kutengeneza matairi miaka mingi iliyopita. Seti hiyo inafaa kuning'inizwa ukutani, na inafaa sana kumpelekea mtengenezaji kama mfano wa kuchongea kalibu. Haifai kubeba watu.

Mpira huzeeka hata ukilala. Oksijeni na ozoni huukausha, mafuta ya ndani hupotea, na gundi kati ya tabaka hulegea. Uso unaweza kung'aa huku tumbo limekwisha. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000 na mazungumzo yameishia hapo. Binafsi naanza kulikagua kwa makini kila mwaka likifikisha miaka mitano, na likifikisha kumi nalivua hata kashata zikiwa nzima. Likunje kwa dole gumba ubavuni, karibu na mdomo, utazame mipasuko midogo. Ikionekana, muda wake umefika.

Jambo jingine la kuepuka ni kuchongwa. Mitaani wapo mafundi hodari wa kuchonga tairi kipara kwa kisu cha moto, na wanaweza kukutolea mchoro wowote wa zamani unaoutaka. Ustadi wao siupingi. Lakini tairi la gari dogo halina mpira wa ziada chini ya kashata, kwa hiyo kisu hufika kwenye nyuzi. Unachobaki nacho ni mchoro mzuri juu ya kitambaa.

Ukuta mweupe

Wengi huanzia hapa, na ndiyo maana nimeuweka mbali. Tairi lenye ukuta mweupe wa kweli halipakwi rangi. Mpira mweupe huwekwa ndani ya ubavu wakati wa kujenga, hufunikwa kwa utando wa mpira mweusi, na baada ya kupikwa utando ule husagwa hadi mweupe utokeze kwa mstari safi. Kati ya mweupe na mweusi lazima pawe na mpira usiotoa madoa, kwani kemikali za kuzuia kuzeeka zilizomo kwenye mpira mweusi hupenya na kuugeuza mweupe kuwa wa kahawia. Tairi la bei ya chini hujulikana hapo: mwaka mmoja tu, na pembeni pameiva kama kahawa ya maziwa.

Upana nao una enzi yake. Magari ya Marekani ya miaka ya 1950 yalivaa ukuta mpana. Kuanzia modeli za 1962 ukawa mstari mwembamba. Ukitia mpana kwenye gari la 1965, anayejua atakutambua kabla hujazima injini. Na magari mengi yaliyoletwa Afrika Mashariki kwa kazi yalikuja na kuta nyeusi. Land Rover yenye kuta nyeupe haijawahi kuwa sahihi popote.

Tairi likifika, kuta zitakuwa zimepakwa utando wa buluu wa kulinda. Uoshe mara moja kwa maji ya vuguvugu na brashi laini, kabla gari halijakaa juani. Ukiuacha unakauka na kutia doa. Baada ya hapo sabuni ya kawaida inatosha. Dawa kali za kung'arisha na jiki hukausha mpira. Vipete vya plastiki vinavyobandikwa kati ya rimu na tairi ili vionekane ukuta mweupe navyo viache: husugua ubavu na kuukata taratibu.

Rimu, tyubu na kufunga

Tairi jipya kwenye rimu yenye kutu ni fedha iliyotupwa. Rimu ivuliwe, isuguliwe hadi chuma, itazamwe nyufa kuzunguka matundu ya nati, ipimwe kama imepinda, kisha ipakwe rangi. Kwenye gurudumu la spoki, kila ncha inayotokeza ndani isagwe, halafu uzungushe utepe wa mpira kuikinga tyubu.

Rimu nyingi za kabla ya miaka ya 1960 hazina ule mwinuko wa ndani unaouzuia mdomo wa tairi kuteleza upepo ukipungua. Huko tumia tyubu, hata kama tairi limeandikwa halihitaji. Tyubu iwe mpya, ya saizi hiyohiyo, na kwa rediali iwe imeandikwa kwamba inafaa rediali. Valvu nayo itazamwe: kuna za chuma zinazofungwa kwa nati, kuna za mpira, na kuna zilizopinda kwa magurudumu ambayo tundu lake liko pembeni.

Simama karibu fundi akifunga, na utazame mambo manne. Kwanza, abandue kila karatasi iliyogandishwa ndani ya tairi. Kipande cha lebo kisichozidi stempu hutosha kuisugua tyubu hadi itoboke. Pili, apapase ndani kwa kiganja. Matairi mengine yana mistari iliyoinuka kwa sababu yalikusudiwa kutumika bila tyubu, na mistari hiyo nayo husugua. Tatu, apake poda tyubu na sabuni ya tairi mdomoni, si grisi wala mafuta ya injini, ambayo huula mpira. Nne, ajaze upepo, aufungulie wote utoke, kisha ajaze tena. Mjazo wa kwanza huacha tyubu imejikunja mahali. Wa pili huinyoosha. Fundi asiye na subira ya mara ya pili atakurudisha barabarani na pancha ndani ya wiki.

Upepo na mwendo

Tairi la mdomo wa pembe, lile la magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1920 ambalo halina waya mdomoni, linashikwa kwenye rimu na upepo peke yake. Ford T yenye 30x3½ huhitaji psi 55 hadi 60. Mwenye mazoea ya gari la kisasa hujaza 30 akidhani anafanya wema, kisha tairi linatoka kwenye rimu katika kona ya kwanza. Pima kila siku unapotoka, tairi likiwa baridi.

Kwa matairi ya baadaye, anza na namba ya kitabu cha gari kama ni mshazari. Kama umeweka rediali, mwulize muuzaji. Mara nyingi atakuongezea kidogo. Nyongeza hiyo hupunguza uzito wa usukani unapoegesha. Usivuke kikomo kilichoandikwa ubavuni. Na ukiona 6PR, usidhani kuna tabaka sita za nyuzi. Ni kipimo cha nguvu tu, tabaka zenyewe huweza kuwa chache zaidi.

Kilomita mia za mwanzo nenda taratibu. Uso wa tairi jipya bado una dawa ya kulitoa kwenye kalibu, na unateleza, hasa manyunyu yakianza. Gari lililosimama wiki kadhaa likitikisika asubuhi usikimbilie kubalansi: nailoni hupata ubapa mahali ilipokalia, na hurudi duara likishapata joto la barabarani. Kama unaliweka gari kwa miezi, linyanyue juu ya stendi, au ongeza upepo na ulisogeze kidogo kila baada ya muda. Lifunike lisipigwe na jua, na lisikae jirani na mota ya umeme au mashine ya kuchomelea, maana cheche hutoa ozoni. Vimiminika vya kung'arisha matairi vyenye mafuta ya petroli viache kwa wauza magari.

Kununua kwa akili

Rahisi ghali, na hapa msemo huo unaonekana upesi. Lakini ghali nayo ina mpangilio. Fedha zikiwa chache, zitumie kwa mfuatano huu: saizi sahihi, tarehe ya karibuni, uwezo wa mzigo na mwendo, rimu na tyubu, kisha mchongo, na mwisho kabisa jina na rangi ya ukuta. Mtu mwenye Land Rover anaweza kupata 7.50-16 nzuri ya barabara, yenye kashata rahisi za mtindo wa zamani, bila kuagiza Ulaya. Mwenye Ford A au Citroën ya rimu 400 hana njia hiyo, lazima aagize.

Unapoagiza, dai kwa maandishi mambo matatu kabla ya kulipa: tarehe ya kutengenezwa, herufi ya mwendo na ya mzigo, na picha ya ubavu wenyewe wa tairi utakalotumiwa, si picha ya tangazo. Muuzaji wa kweli hatakasirika. Zungumza na wakala wako wa forodha mapema kuhusu ushuru na vyeti vya ubora, kabla shehena haijapanda meli, kwa sababu gharama ya kukaa bandarini inaweza kukaribia bei ya tairi. Agizeni pamoja: wenye magari watatu au wanne wa saizi zinazofanana wakigawana usafirishaji, kila mmoja anapumua.

Na msingoje hadi mhitaji. Matairi haya hayapikwi kila siku. Mtengenezaji hukusanya maagizo ya saizi moja, huitoa kalibu ghalani, hupika kundi moja, kisha huirudisha, na kundi lijalo linaweza kuchukua mwaka au zaidi. Viwanda vyenyewe navyo hufungwa. Denman ya Ohio, iliyopika matairi mengi ya kale ya Marekani, ilifunga milango mwaka 2010, na kiwanda cha Avon huko Melksham, Uingereza, kikaacha kutengeneza matairi mwaka 2023. Kila kikifungwa, kalibu huhama au hupotea, na saizi zake huadimika kwa muda.

Kwa hiyo matairi yako yakifikisha miaka saba au minane, andika barua ya kuulizia yanayofuata ukiwa bado unayaendesha haya. Kama saizi yako haitengenezwi na yeyote, watafute wenzako wenye gari kama hilo, hata walio nje ya Afrika Mashariki, mkamfikie mtengenezaji na idadi kamili ya matairi mtakayonunua na malipo ya awali mkononi. Anayeamua kuchonga kalibu mpya hupiga hesabu ya wanunuzi kwanza. Mkifika kumi na hesabu iliyonyooka, atawasikiliza kuliko mtu mmoja mwenye barua ndefu ya mapenzi kwa gari lake.